Nimeandika Mwaka Wako wa Kweli

Goreti mwanangu,

Sikuulizi hali. Nimekuona si zaidi ya saa moja iliyopita ukitoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na hali uliyotoka nayo naijua: umenuna. Shikamoo yako ya leo asubuhi ilikuwa ya kutupa, na marahaba yangu nayo haikuwa nzuri. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kirundi tumegombana wiki nzima na hatukufika popote. Nimeona nijaribu lugha nyingine. Ukirudi utaikuta barua hii mezani. Gari la Bukoba linaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo unayo jioni nzima ya kunikasirikia na kuamua.

Nianze na lenyewe. Ile fomu ya kituo cha tenisi cha Kampala niliijaza jana. Penye mwaka wa kuzaliwa sikuandika ule uliotaka niandike. Nimeandika mwaka wako wa kweli, nikatia sahihi, nikaiweka kwenye bahasha. Una miaka kumi na saba, na fomu inasema una miaka kumi na saba.

Usidhani sijui maana yake. Nafasi uliyoahidiwa, ile ya kusoma shule huku ukifundishwa tenisi, ni ya watoto wasiozidi miaka kumi na mitano. Kocha alipopita hapa kambini mwaka jana alikutazama ukicheza, hakukuuliza umri, na wewe hukumwambia. Fomu ilipofika ndipo uliponijia na sauti ile ya utamu. "Mama, ni miaka miwili tu. Vyeti viliungua kule Burundi, na kwenye kibali cha safari wameandika jina tu. Nani atajua?" Nilikaa mlangoni pa ofisi miezi saba kukutafutia hicho kibali. Sikutaka kukupotezea nafasi. Nilikaa na kalamu mkononi siku tatu, na siku mbili kati ya hizo nilikuwa naandika uongo wako kichwani bila shida yoyote.

Kisha nilikwenda Ngara mjini nikampigia kocha simu, nikamwambia ukweli. Akasema, "Mama Goreti, ungeniacha nisijue."

Nikamwambia hata mimi yapo mengi ningependa kuachwa nisiyajue. Akaguna. Mwishowe akasema kama unataka kuja, njoo, lakini hutaingia na watoto. Utakuwa msichana wa kuwapigisha mipira wanachama wa klabu. Utapewa kitanda na chakula, na mashindano madogo ya wanawake yakitokea utaandikishwa kama kuna nafasi. Shule hakuna.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mimi. Ndiyo kazi ambayo tangu unajua kusikia nimekuwa nikikuambia usije ukaifanya. Na sasa ni mimi niliyekuandikia kwa mkono wangu. Basi ujue kwamba katika nyumba hii hukununa peke yako.

Watu wote wa mtaa wetu hapa kambini umewaambia kwamba mama yako alikuwa mchezaji wa kulipwa. Nilikuacha useme, kwa sababu nilipenda kulisikia. Sijawahi kukuambia ilivyokuwa.

Babu yako alikuwa mfagiaji wa viwanja katika klabu moja Bujumbura. Nikiwa na miaka tisa nilianza kuokota mipira ya wanachama. Nikiwa na kumi na miwili nikaanza kuwapigisha, maana mwanachama akikosa mtu wa kucheza naye alimwita binti wa mfagiaji. Kazi ya mpigishaji ni kumrudishia mtu mpira pale anapoupenda. Nilijifunza hilo vizuri mno. Nilipokuja kwenda kwenye mashindano ya kweli nilikuta mkono wangu umezoea kumfurahisha yeyote anayesimama ng'ambo ya wavu. Ilinichukua miaka kuuondoa ule ukarimu, na sidhani kama uliisha.

Nilicheza Nairobi, Lusaka, Harare, na mara mbili Kairo. Iko orodha moja ya wachezaji wa kike wa dunia nzima, kila mwenye pointi yumo, na juu kabisa wapo wale ambao unakata picha zao kwenye magazeti ya wageni. Nafasi yangu ya juu kabisa ilikuwa ya mia sita na arobaini na moja. Ukimwambia mtu kwamba ulikuwa wa mia sita duniani anashangaa, anasema dunia ni kubwa. Ni kubwa kweli. Lakini wa mia sita hana mwalimu, wala hana mtu wa kukaa pembeni akamtazama. Ana gauni moja jeupe, analifua kila jioni na kulianika juu ya kiti. Anashindwa Jumatatu na tiketi yake ni ya Jumapili, basi anakaa siku sita akiwapigisha mipira wale ambao bado hawajashindwa. Wanamshukuru. Wanasema ana mkono mzuri.

Nyumbani wakiniuliza nimefika wapi, nilijibu, "Raundi ya pili." Sikusema kwamba ni raundi ya pili ya mchujo, yaani ya kugombea ruhusa ya kuingia kwenye mashindano yenyewe. Nilijiambia huo si uongo. Nilianza hivyo, Goreti, na maneno ambayo si uongo.

Na nilikuwa mwepesi wa hasira. Kila niliposhindwa palikuwa na mtu wa kulaumiwa. Mwamuzi alikuwa jamaa wa yule mwenzangu, mipira ilikuwa imekufa, uwanja ulimwagiwa maji upande wangu tu. Nilicheza miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hakuna hata mmoja aliyenizidi. Ndivyo nilivyokuwa nikiamini. Sasa naona kwamba wengi walinizidi, lakini walinizidi kidogo tu, na huko kuzidiwa kidogo ndiko kubaya, kwa sababu kila mara kunafanana na kuonewa. Wangekuwa wamenizidi kwa mbali ningekubali mapema nikarudi nyumbani.

Maana nyumbani ulikuwepo wewe. Ulipozaliwa nilikaa nawe miezi minne, kisha nikakuacha kwa bibi yako. Nilisema nikifika mia tano nitaacha. Niliporudi kutoka safari moja ya miezi saba, ulikuwa unatembea na umeanza kusema. Ulijificha nyuma ya kanga ya bibi ukamuuliza, "Huyu mama ni nani?" Nilimgeukia bibi yako. Nilimwambia amekufundisha kunikataa. Nilimwambia hivyo mwanamke aliyekulisha na kukulaza miezi saba. Yeye akaenda kunipakulia chakula. Nilikusudia kuja kuyafuta maneno yale, lakini mwaka uliofuata vita vilianza, na bibi yako hakuvuka mpaka.

Sisi tulivuka, wewe mgongoni, umri wako miaka mitatu. Baba yako tulipotezana naye njiani. Hilo unalijua, na leo si siku yake. Wenzangu walibeba sufuria. Mimi nilibeba raketi mbili. Wiki ya kwanza hapa Ngara nilizunguka nikiazima sufuria za watu, na wakiniazima waliniuliza zile raketi zinapikaje.

Pointi za tenisi hazikai. Ulizozipata juma kama hili mwaka jana zinafutwa juma hili, usipopata nyingine za kuziba. Watu walikuwa wakihesabu siku za mgao wa chakula, na mimi nilikuwa nahesabu majuma ya Lusaka na ya Nairobi yakipita bila mimi. Palikuwa na muuguzi mmoja mgeni, mpenzi wa tenisi. Alipokwenda likizo kwao nilimwomba aniangalizie kwenye orodha. Aliporudi aliniambia kwa upole, "Jina lako halipo."

Nikamuuliza, "Nimekuwa wa ngapi?"

"Hupo, Spesioza."

Nikamuuliza tena, kana kwamba yeye ndiye hakusikia.

Sheria ya kambi unaijua: zaidi ya kilomita nne husogei bila kibali. Mimi nilikuwa nasogea. Wageni wa mashirika walikuwa na uwanja wao Ngara mjini, na mara mbili kwa juma nilitoka hapa kwa njia za shambani, nikacheza nao, nikarudi jioni. Siku hizo nilikuwa na rafiki wa sokoni ambaye wewe humkumbuki vizuri, Leokadia. Alikuwa Mhangaza, mwenyeji wa Bukiriro hapa Ngara, umri wangu, akija kila siku ya soko la kambi kuuza ndizi na urwagwa, pombe yake ya ndizi. Nikienda mpirani au kupanga foleni ya mgao nilikuacha kwake. Ulikuwa ukilala chini ya meza yake, na ukiamka anakumenyea ndizi mbivu. Hakuwahi kunidai shukrani.

Ulipokuwa na miaka mitano, Bwana Michezo wa wilaya aliniona nikicheza na wale wageni. Alikuwa mtu mchangamfu, na wilaya yake ilikuwa haijawahi kupeleka mchezaji wa tenisi mahali popote. Akaniambia, "Ungekuwa Mhangaza ningekupeleka Mwanza kwenye mashindano ya kanda."

Nikamjibu kwa Kihangaza. Wewe mwenyewe unajua, Kihangaza na Kirundi ni ndugu. Mrundi akijichunga hatambuliki.

Akacheka. "Basi niletee jina. Mimi sitauliza zaidi."

Jina nililomletea lilikuwa la Leokadia. Nilimkuta sokoni akifunga meza, nikamwomba jina na cheti chake cha ubatizo, kwa siku tano tu. Nilimwambia hakuna ubaya, nitacheza na kurudi. Hakufikiri sana. "Jina langu halijawahi kutoka wilaya hii," alisema. "Lichukue likaone ziwa."

Mwanza nilishinda mechi tatu. Fainali nikakutana na binti wa shule, umri kama wako sasa, mikono myembamba, viatu vya kuazima. Bwana Michezo alikuwa amenifundisha njia nzima kutaja hesabu kwa Kiingereza, maana sisi Bujumbura tulihesabu kwa Kifaransa. Mwamuzi hakuwepo. Kila mmoja anasema mpira ulioangukia upande wake kama uko ndani au nje, na anayeanzisha ndiye anayetaja hesabu kwa sauti. Nilikuwa mbele, nimebakiza kidogo sana. Nikaupiga mpira kwenye kona. Yule binti akainua kidole akasema nje.

Hadithi ya Mwanza umeisikia tangu utoto. Nimekusimulia mara nyingi jinsi mama yako alivyoibiwa, na nimekusikia ukiwasimulia wenzako kwa maneno yangu yaleyale.

Mpira ulikuwa nje. Niliuona ukianguka. Uwanja ulikuwa wa udongo, alama ilibaki nyuma ya mstari, vidole vitatu kamili. Na yule mtoto aliniita nije kuitazama. Sikwenda. Nilisimama palepale nikabishana naye kwa hasira za miaka tisa zote, nikamwita mwizi mbele ya watu, mtoto wa shule. Akaanza kulia. Akaniachia pointi. Nikarudi nyuma kuanzisha, nikataja hesabu kwa nguvu ili kila mtu aliyekuwepo aisikie. Nikaitaja kwa Kifaransa.

Mwalimu wa yule binti akasogea kwenye uzio, akaniuliza taratibu, "Dada, siku hizi Ngara mnasoma Kifaransa?"

Nikamtazama Bwana Michezo. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake. Alipoulizwa akasema aliletewa jina, hajui zaidi ya hapo.

Mimi walinirudisha kambini kwa gari la polisi. Nilionywa, nikawekewa alama kwenye kitabu chao, nikaendelea kula mgao wangu. Sikuteswa, usije ukaongeza chumvi. Yaliyobaki yote yalimwangukia Leokadia. Alikaa siku mbili kwenye ofisi ya kata akihojiwa alipata nini kutoka kwangu. Akazuiwa kuuza kwenye soko la kambi, na ndizi zake zilikuwa hazina soko jingine. Lakini hata hilo halikuwa baya kuliko lililofuata, ambalo nililisikia kwa wauzaji wenzake. Kila alipokwenda ofisini kwa jambo lake lolote, kumwandikisha mtoto shule au kuomba barua ya utambulisho, waliuliza huyu ni Leokadia yupi. Aliambiwa alete mashahidi watatu wa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Wewe umekulia huku mpakani, unajua jinsi mtu akishatiliwa shaka mara moja ile shaka inavyomfuata. Mwanamke aliyezaliwa Bukiriro, ambaye mama yake amezikwa Bukiriro, alikuwa akizunguka kutafuta watu wa kumtetea kwamba yeye si mimi.

Sikwenda kumwona. Nilisema ipo sheria ya kilomita nne, na Bukiriro ni mbali. Lakini kwenda kupiga mpira niliivunja sheria hiyo mara mbili kwa juma, hata masika. Kwenda kuomba radhi niliiheshimu miaka kumi na miwili.

Alhamisi iliyopita nilikuambia nakwenda kutafuta kuni. Nilirudi jioni bila hata kijiti, ukalalamika kwamba hatuna cha kupikia, nikakukemea mbele ya majirani. Hukuwa na kosa. Nilikuwa nimetoka Bukiriro.

Nilimkuta uani anachambua maharage. Amekonda, na kichwa kimeanza kuwa cheupe. Alinitazama muda mrefu.

"Spesioza," akasema.

"Ni mimi."

"Una bahati. Mtu akikuita jina lako, unaitika na mambo yanaishia hapo."

Hakunipa kiti. Alisogeza ungo kidogo, nikakaa chini nikaanza kuchambua upande wangu. Nilisema niliyokuja kuyasema. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, na bado yalitoka ovyo. Hata lile la mpira kuwa nje nilimwambia, ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Alisikiliza bila kuacha kazi yake. "Mwaka wa kwanza nilikungoja," akasema. "Nilijua utakuja. Mwaka wa pili nilikuwa na matusi yako tayari. Baadaye nilichoka, nina shamba."

"Nimechelewa."

"Umechelewa sana." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Kule kwenyewe, ulishinda?"

"Hapana. Walinitoa."

"Hata kushinda hukushinda," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza. Hakikuwa kicheko cha kunifariji.

Kisha akauliza, "Na yule mtoto wa chini ya meza?"

Nikamwambia umekuwa mkubwa, unakwenda Kampala kucheza. Nadhani nilisema kwa maringo. Akauliza una miaka mingapi sasa.

Nikasema, "Kumi na mitano."

Goreti, sikufikiri. Lilitoka lenyewe, laini, kwa sababu wiki nzima ulikuwa umenirudia namba hiyo na mimi nilikuwa nimeizoea. Nimetembea tangu alfajiri kwenda kwa mwanamke yule, nimekaa kwenye vumbi lake nikimwomba anisamehe uongo, na kabla sijamaliza nikamwambia mwingine.

Mikono yake ilisimama. "Deo wangu ana kumi na saba," akasema. "Walikuwa wanagombania ndizi moja. Walikuwa kimo kimoja." Akanitazama vizuri. "Huko anakokwenda mmemwandika nini?"

Nikaokota punje iliyodondoka vumbini.

"Haya," akasema, akarudia maharage yake. "Na yeye ajiandae kutafuta mashahidi."

Hakusema kwamba amenisamehe. Nilipoinuka alinipa maharage kwenye kitambaa, yale tuliyokula Ijumaa ukauliza yametoka wapi. Aliniambia nipite njia ya juu, askari wa geti hawaioni. Ni hayo tu. Njia nzima nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Kesho yake nikaenda kupiga simu.

Sasa unajua. Sikuandiki haya ili uniambie nimefanya vema. Inawezekana kabisa nimekosea tena. Wapo waliopunguza miaka yao wakafika mbali. Nimecheza nao, nikawafulia hata soksi, na hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Huenda ungekuwa mmoja wao. Huenda nimefunga mlango ambao hautafunguka tena, na miaka kumi ijayo utakaa mahali ukimwandikia mwanao juu ya mama yako mkaidi aliyekuharibia nafasi kwa miaka miwili tu. Nalijua hilo na bado sikuifuta fomu. Lakini bahasha sikuigundisha. Ukitaka kuichana fomu, ichane wewe, kwa mkono wako, ukijua unachofanya. Sahihi yangu hutaipata mara ya pili.

Kuna jambo jingine, na hili linaniudhi kuliko yote. Unajua ule uwanja wetu nyuma ya shule, wa udongo wa kichuguu tulioupondaponda na kuukanyaga kwa miguu na watoto wa mtaa mzima, wenye wavu wa magunia ya mgao. Kila jioni nimekusimamisha pale. Wenzako wakiruka kamba, wewe unapiga mkono wa nyuma mara mia, ukikosea tunaanza upya. Umenisikia nikisema miguu yako mizito, unachelewa, unapiga kama mtu anayetwanga. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kukusifu hata siku moja. Ulidhani ni ukali wa mwalimu. Haukuwa huo. Ulipofika miaka kumi na minne uliupiga mpira mmoja kando ya mstari, mimi nikiwa nimesimama upande ule mwingine, na nikajua kwamba sikuwahi kupiga mpira kama ule maishani mwangu, si Nairobi, si Kairo. Nikakuambia mguu ulikuwa vibaya. Nilikuonea wivu, mwanangu. Si jambo la mama kuliandika, lakini ndilo lililokuwepo.

Wewe ni mzuri kuliko nilivyokuwa. Sijui kama hiyo inatosha. Mimi sikutosha, na kwa hiyo mizani yangu si ya kuaminiwa.

Ukienda, watakufanya mpigishaji, na mkono wako utaanza kujifunza adabu. Usiuruhusu. Kila siku, kabla hujatoka uwanjani, piga hata mipira michache pale mwanachama asipopapenda. Atakasirika kidogo, utaomba radhi kidogo, na kesho yake fanya tena. Na ukishindwa na mtu aliyekuzidi, mwambie amekuzidi. Mara ya kwanza inauma kooni. Mimi nililisema hilo kwa mara ya kwanza Alhamisi ile, uani kwa Leokadia, kwa mtu ambaye hata hajui tenisi ni nini.

Usipokwenda, sitakulaumu wala sitafurahi. Wanasema kambi itafungwa, na malori ya kurudi Burundi yanajaa kila juma. Tutapanda pamoja, tukaone kilichobaki.

Lakini kama utapanda gari la kesho, nakuomba kitu kimoja. Utashindwa, tena mara nyingi, na sehemu nyingine utashindwa siku ya kwanza kabla hujajua choo kiko wapi. Siku hiyohiyo niandikie. Andika mistari miwili, jina la aliyekushinda na namna unavyojisikia, upeleke posta. Usikae ukingoja mpaka uwe na habari njema. Mimi watu wangu niliwaweka wakingoja habari njema, na nilipogeuka kuwaambia chochote, hawakuwepo tena.

Ni mimi mama yako,
Spesioza